Msumari wa Edson

Nimerudi Sumbawanga kumzika mtu niliyemchukia, na nimekula wali wake. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai la bluu, upepo wa Ufipa ukitupulizia vumbi kwenye sahani, nikawasikiliza wasemaji mmoja baada ya mwingine wakimwita marehemu baba wa uchapaji wa Rukwa. Kila alipokabidhiwa mtu mpya kipaza sauti, nilikunja uso. Mimi sijui kujifanya, na uzee umezidisha. Mama mmoja aliyekaa jirani nami aliniangalia usoni, akadhani majonzi yamenizidi, akanipa kitambaa chake nifute machozi. Nilikipokea nikafutia mafuta ya mdomoni.

Halafu waligawa kijitabu cha ratiba ya mazishi. Karatasi nene inayong'aa, picha ya Edson juu yake akiwa na tai nyekundu na tabasamu lile lile. Sikuiangalia picha sana. Niliangalia herufi. Kwa mtu mwingine herufi ni herufi tu, lakini mimi nimekula kwa kazi ya kuchora herufi maisha yangu yote, na hizi nilizifahamu kama unavyofahamu kikohozi cha mtu wa nyumbani kwako kikitokea chumba cha pili. Ile G yenye kidevu. Ile 7 iliyoinama kidogo kama mtu anayevuta kamba. Ukurasa wa pili ulikuwa na kichwa kikubwa: MAREHEMU ALIKUWA NANI, na baada ya NANI, mahali palipostahili alama ya kuuliza, palikuwa na kisanduku kidogo kitupu. Kijana aliyekaa mbele yangu alikigonga kwa kidole akamwambia mwenzake, "Cheki, mshikaji, mashine imezingua hapa." Mwenzake akajibu kwamba wino uliisha. Mashine haikuwa na kosa lolote na wino ulikuwepo. Kisanduku kile nilikiacha mimi, kwa makusudi, na nitaeleza sababu.

Habari za kwetu hazina kazi katika sura hii, kwa hiyo naziruka. Ilikuwa miaka ya ruksa. Serikali ilikuwa imeachia biashara, mahindi yalikuwa yanauzwa na yeyote kwa yeyote, malori kutoka Mbeya yalipanga foleni hadi nje ya mji, na mimi nilikuwa binti aliyemaliza kidato cha nne bila kuchaguliwa popote. Nilipanga chumba Kizwite kwa mwenye nyumba aliyekuwa akigeuza nyumba yake ghala bila kuwaambia wapangaji. Ukutani kwangu aliegemeza magunia ya dagaa kutoka Kirando, na juu ya dagaa akaweka marobota ya mitumba. Nililala katikati ya harufu hizo mbili. Nguo zangu zilinuka dagaa hata nikiwa kanisani, na nguo za mitumba nadhani zilinuka vivyo hivyo, maana nilishawahi kuona mwanamke sokoni akinusa blauzi ya kutoka Ulaya na kuuliza kama huko nako wanaanika samaki. Asubuhi nilikuwa nakunja uso kabla hata sijafungua macho.

Mji nao ulikuwa umeingiwa na kitu. Kila mtu alikuwa mkurugenzi. Mwenye meza moja ya vitunguu alikuwa mkurugenzi, fundi baiskeli alikuwa mkurugenzi, na mganga mmoja wa karibu na stendi alikuwa mkurugenzi mtendaji. Wote walitaka mabango. Leo nikipita barabara ile naona vitambaa vya plastiki vilivyochapwa picha za watu wakicheka, kila neno lina kivuli, kivuli kina mwanga, mwanga una kivuli kingine, na natamani kutapika. Lakini wakati ule bango lilikuwa bati, rangi ya mafuta na mkono wa mtu, na mkono uliotafutwa kuliko yote mjini ulikuwa wa Mzee Anakleti, nyuma ya soko.

Siku niliyoingia kwenye karakana yake nilirudi nyuma hatua moja. Dirisha lilikuwa upande wa jua, na ukuta wote uliotazamana na dirisha ulikuwa umening'inizwa mifupa. Mbavu, viganja, taya lenye meno, goti. Nilidhani nimekosea nyumba nikaingia kwa yule mkurugenzi mtendaji. Kumbe zilikuwa picha za eksirei, zile karatasi ngumu za plastiki ambazo hospitali huwa inatupa zikishakuwa za zamani, na katikati ya kila picha palikuwa pamekatwa herufi kwa wembe. Unaiweka juu ya bati au gunia, unapitisha sponji yenye rangi, unainua, herufi imebaki. A ilikuwa kwenye mbavu za mtu. M ilipita katikati ya kiganja. Kila moja ilitundikwa kwenye msumari wake, na chini ya msumari pameandikwa jina kwa penseli.

"Shikamoo," nilisema, nikiwa bado mlangoni.

"Marahaba, binti. Unatafuta nani."

"Nimesikia unahitaji mtu wa kukusaidia kazi."

"Nahitaji mtu asiyetetemeka." Alikuwa mwembamba, mwenye koti la sufu lililochakaa kwenye viwiko kwa ajili ya baridi ya kwetu, na Kiswahili chake kilikuwa kizito, cha mtu anayeota kwa Kifipa. Alinipa wembe na kipande cha eksirei. "Kata mstari ulionyooka kutoka hapa mpaka hapa. Usipumue."

Nilikata. Aliuinua mstari wangu kwenye mwanga wa dirisha, akauangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. "Umepumua," alisema, "lakini kidogo." Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Sijawahi kupata barua ya ajira iliyonifurahisha kuliko maneno yale.

Mkewe, Mama Gaudensia, hakuingia kabisa kwenye chumba kile. Chakula alikileta hadi kizingitini, akakiweka chini, akasema mbele ya mbavu za watu yeye hali. Kwa hiyo tulikula uani, kwenye mikeka, ugali wa ulezi na maharage, na siku za neema samaki wa kutoka ziwani aliyechemshwa na nyanya. Mzee alinawa kwa sabuni ya mche na mafuta ya taa, na bado rangi ilibaki kwenye kucha. Hapo ndipo niliposoma, siyo darasani. Alikuwa akichukua punje ya haragwe, anaiweka pembeni ya sahani, anasema, "Hii ni O. Ukiifanya mviringo kamili inaonekana imevimba. Lazima uibane kidogo kiunoni." Baadaye katika maisha nilisomeshwa jambo hilo hilo na wataalamu wenye vyeti, kwa michoro na maneno marefu, na kila mara nilikumbuka haragwe.

Kazi zetu zilikuwa za aina tatu. Mabango ya wakurugenzi, alama za magunia ya mahindi, na misalaba ya makaburini. Misalaba hatukuipokelea malipo. Ilikuwa desturi ya waandishi wote wa mji, na Mzee hakuieleza kwa sababu hakuona cha kueleza. Lakini desturi iliyonibadilisha mimi ilikuwa nyingine, na naiandika hapa taratibu kwa sababu mengine yote yametokana nayo. Herufi za Mzee Anakleti zilikuwa za kuazimwa. Mtu yeyote aliyekuja, awe mwalimu, mchungaji, mwenye lori, alichagua anazotaka ukutani akaondoka nazo, akazitumia, akizitaka nakala anakata zake. Hakulipa kitu. Sharti lilikuwa moja: anaporudisha, aje na herufi au alama moja ambayo ukuta hauna, au badala ya moja iliyochanika, na awe ameikata kwa mkono wake mwenyewe. Siku ya kuazima Mzee alipigilia msumari mpya, akaandika jina lako chini yake. Msumari ulikaa mtupu ukikusubiri.

Ukuta ule ulijengwa hivyo. Mzee alianza na herufi kubwa tu, miaka ya nyuma kabisa. Ile G yenye kidevu, badala ya ya kwanza iliyochanika, ilikatwa na Silvesta, mwalimu wa shule ya msingi Mollo, ambaye alirudishwa nayo nyumbani mara kadhaa. "Imekonda hii," Mzee alimwambia mbele yangu, na mwalimu mzima akaipokea kama mtoto aliyekosa hesabu. "Nyingine zimeshiba. Ipeleke ikale." Ile 7 ililetwa na mpaka rangi wa boti wa Kirando, na ilinuka dagaa, na mimi ndiye niliyeitundika nikishika kwa ncha za vidole. Kwa hiyo aliyekosea alifundishwa, aliyefundishwa aliacha kitu, na aliyekuja baada yake alikuta kingi zaidi. Sasa hivi watu wa nchi za mbali wana maneno mengi ya kisheria kwa mpango wa namna hiyo, wanauita leseni huria, wanaufanyia mikutano hotelini. Mimi niliukuta nyuma ya soko la Sumbawanga, umepigiliwa misumari.

Edson alikuja mwanzoni mwa kipupwe. Alikuwa mtu wa makamo, mkazi wa mji kwa miaka kadhaa, ametoka kuacha kazi ofisi moja ya serikali ili awe, bila shaka, mkurugenzi. Alisema anataka kufungua kiwanda cha uchapaji. Alikuwa na maneno mazuri na viatu vinavyong'aa, na alimwita Mzee "baba" kuanzia sentensi ya pili. Mama Gaudensia alimpenda papo hapo. Alialikwa chakula, akala, akaalikwa kesho yake, akala tena. Nilimwangalia anavyokula. Alitafuna mdomo wazi huku akizungumza juu ya maendeleo, punje za ulezi zikimruka, na alipomaliza hakungoja maji ya kunawa. Alinyoosha mkono nyuma yake, akachukua karatasi niliyokuwa nimeichorea S kwa siku nzima, akafutia vidole. Halafu akaikunja vizuri, akairudisha mahali pake, kana kwamba ameitendea wema. Hadi leo nikifikiria neno kinyaa, naona mchuzi wa maharage ukipanda taratibu kwenye tumbo la S yangu.

"Baba, mimi nitaazima zote," alisema siku ya mwisho.

Hakuna aliyewahi kuazima zote. Mzee alifikiri, akafungua kabati, akatoa seti ya pili tuliyokuwa tumeikata pamoja majira yale, mimi na yeye, kwa tahadhari ya panya. "Chukua hii. Kazi yako ni nini hasa."

"Nitaanza na mitihani, baba. Shule zote za wilaya. Wanachapa kwa mashine mbovu, watoto hawasomi maswali."

Mzee alifurahi. Nilimwona anavyofurahi, na hiyo pia inanikera nikiikumbuka. "Basi sisi hatuna alama ya kuuliza," alisema. "Mabango hayaulizi. Duka linasema jina lake linanyamaza. Lakini mtihani hauendi bila kuuliza. Utatukatia hiyo." Akapigilia msumari mwisho kabisa wa ukuta, karibu na mlango, akaandika EDSON. Edson akaushika msumari ule kwa vidole viwili kama mtu anayejaribu bei, akacheka, akasema, "Hiyo ndogo tu, baba. Wiki ijayo."

Haikupita muda nilimsikia. Nyuma ya chumba changu cha Kizwite palikuwa na uzio wa mabanzi, na upande wa pili mgahawa wa nyama ya mbuzi wenye meza uani. Jumamosi mchana nilikuwa nafua, na sauti yake nilishaizoea. Alikuwa na ofisa mmoja wa biashara, ambaye jina lake silitaji kwa sababu sitaki kulipatia nafasi. Nilisikia mfupa ukigongwa kwenye sahani ili ute wake utoke, halafu ofisa akauliza, "Na yule mzee je, hatasumbua."

"Atasumbua na nini. Ana karatasi gani. Hana hata risiti ya wembe."

"Watu wanasema ni herufi za watu wengi."

"Ndiyo maana ni rahisi," Edson alisema, na nikamsikia akifyonza uboho. "Kitu cha watu wengi hakina mtu wa kwenda ofisini kukisemea."

Nilitupa nguo kwenye beseni nikakimbia nyuma ya soko. Nilimweleza Mzee kila neno, hata ule mfupa. Alikuwa akiandika msalaba wa mtoto. Hakuinua brashi mpaka alipomaliza jina, ndipo akasema, "Kadia, mtu akiwa anakula huwa anasema mengi." Niliudhika naye. Nilitaka afunge mlango, aweke kufuli, aandike jina lake kwenye kila mfupa ule ukutani. Alinijibu kwamba mlango ukifungwa Mwalimu Silvesta ataingilia wapi. Tuliendelea na kazi, na mimi nilikata herufi vibaya wiki nzima.

Mvua zilipokuwa zimekolea Edson alirudi kutoka Dar es Salaam na mashine juu ya lori, imefungwa blanketi kama mgonjwa. Alifanya sherehe, soda kwa wote, na ubao mkubwa ukafunuliwa, HERUFI ZA EDSON, kwa herufi zetu. Kidevu cha G, kiuno cha O. Kwenye kila karatasi iliyotoka mle ndani, chini kabisa, palichapwa haki zote zimehifadhiwa. Naifundisha sentensi hiyo kwa wanafunzi wangu kila mwaka, nawaeleza kwamba ina kazi yake na wapo watu waaminifu wanaoistahili, na kila mwaka ninapoiandika ubaoni mate yananijaa mdomoni. Wafanyabiashara wa mahindi waliambiwa magunia yenye alama zile sharti yapitie kwa Edson. Walimu waliambiwa mitihani vivyo hivyo. Halafu siku moja asubuhi, soko limeshajaa, walikuja nyuma ya soko: Edson, yule ofisa, na mgambo wawili wenye fimbo.

Ofisa alisoma karatasi. Ilisema karakana ina herufi za kughushi. Mgambo walianza kuzing'oa ukutani, na kwa kuwa hawakujua zinavyotolewa, walizichana. Waliwasha moto uani, pale pale tulipokuwa tunakula. Sijui kama umewahi kunusa eksirei ikiungua. Ni harufu ya plastiki na dawa na kitu kama nywele, inakaa kwenye koo, na moshi wake ni mweusi mzito unaotambaa chini badala ya kupanda. Mbavu zilijikunja. Kiganja chenye M kilifumba vidole. Mama Gaudensia alikuwa amejifunika kanga usoni, akisema kwa sauti ndogo kwamba wale ni watu, mnachoma watu. Wateja wa sokoni walikuja kutazama, wengine wakiwa na mabango yaliyoandikwa bure na mkono ule, na hakuna aliyefungua mdomo. Nilitapika nyuma ya choo, kisha nikarudi kwa sababu sikutaka Edson aone nafasi yangu iko wazi.

Mzee Anakleti hakupiga kelele. Alisimama karibu na moto akiwa na koti lake, akamwangalia Edson machoni, akauliza kwa upole kabisa, kama mtu anayemkumbusha jirani jembe, "Na ile yetu ya kuuliza, mwanangu, umekuja nayo."

Kwa dakika ile moja Edson alikuwa na nafasi. Kisha akacheka, akatema mate pembeni ya moto, akasema, "Mzee, hayo ni mambo ya zamani." Akaondoka akipangusa majivu kwenye viatu vyake kwa kitambaa cheupe.

Walichoma kila kitu ukutani, ila nakala zilizokuwa mikononi mwa walioazima hawakuweza kuzichoma. Hilo ndilo Edson hakulielewa, na ndilo jambo pekee la mwaka ule ambalo halinichefui. Mwanzo alikuja Mwalimu Silvesta, jioni, kwa baiskeli, na nakala za herufi alizowahi kuazima, zimefichwa ndani ya daftari la mahudhurio. Baada yake mchungaji, na herufi za ubao wa kanisa. Mwenye lori mmoja alileta namba zote. Kutoka Kirando lilikuja furushi lililofungwa kwa wavu, likinuka dagaa kiasi kwamba paka wa jirani alilifuata mpaka mlangoni, na safari hii nililipokea kwa mikono miwili. Kila mmoja alikuwa na vipande, na vipande vilipowekwa pamoja ukuta ulikuwa mzima. Hatukuvitundika. Mzee alivifunga kwenye gunia la katani akanikabidhi. "Wewe una miguu," alisema. "Zitoe hapa. Lakini usizifungie."

Hakuandika bango tena. Ofisa alipita kila wiki kukagua, na wateja waliona aibu, wakahamia kwa Edson. Mkono uliozoea kazi ukikaa bure unaoza, nimeuona ukioza. Alikuwa akikaa uani akichora O kwa kidole juu ya vumbi, anaifuta, anachora. Kabla mwaka haujaisha kifua kilimbana, akafa. Msalaba wake niliuandika mimi mchana kweupe, mbele ya waombolezaji, kwa herufi zilizokatazwa, na kila nilipoinua sponji nilitazama upande aliosimama Edson. Alikuwa amekuja na gunia la mchele na uso wa huzuni. Hakunizuia. Alisogea akausoma msalaba, akatikisa kichwa kama bwana anayekagua kazi ya fundi wake, akamnong'oneza mtu, "Unaona zinavyopendeza."

Mengine yanajulikana au hayana haja ya kujulikana. Niliondoka na gunia langu, nikajifunza uchapaji, kisha kompyuta zilipokuja nikajifunza kompyuta, nikafanya kazi za matangazo ya sabuni na bia mpaka nikajichukia, nikaenda kufundisha. Herufi zile nilizichora upya kwenye kompyuta moja baada ya nyingine, nikazitoa kwa dunia nzima bure, kwa sharti la ukutani: tumia, badilisha, gawa, na ulichoongeza kiwe wazi kwa wengine kama ulivyokuta. Jina la fonti, yaani seti hiyo ya herufi za kompyuta, ni Anakleti. Majina ya waliokata yameorodheshwa mle, Silvesta yumo, na yule mpaka rangi wa Kirando yumo. Watu nisiowafahamu wameongeza herufi zenye vinyota na mikia za lugha zao. Na wengi wameniletea alama ya kuuliza, nyingine nzuri kupita kiasi. Nimewashukuru. Leseni inawaruhusu waiweke kwenye nakala zao, na wapo waliofanya hivyo. Kwenye nakala inayotoka mkononi mwangu haimo; ukiipiga, kompyuta inaweka kisanduku kitupu. Msumari ule una jina la mtu, na mtu huyo alikuwa hai, na nilikuwa nasubiri.

Sasa amekufa. Baada ya mazishi mwanawe, Noeli, mkurugenzi wa sasa, alinifuata chini ya turubai. Kijana nadhifu, mpole, amesoma. Familia ilikuwa imeichukua fonti mtandaoni kama watu wengine wote, bila kujua ilikotoka.

"Shikamoo, mama. Nimeambiwa hizi herufi ni zako. Tunazipenda sana pale kiwandani, zinafanana na zile za kwanza za baba. Ila ya kuuliza haitoki. Tatizo nini."

Nilimweleza. Nilimweleza karakana, msumari, moto, swali la Mzee. Nilijiapiza kwamba akiniomba wembe nitampa, ninao kwenye mkoba siku zote, na hata akikata alama mbaya kama kidole kilichovunjika nitaiweka, na jina lake chini. Alisikiliza vizuri. Alitikisa kichwa mahali pa kutikisa. Nilipomaliza alisema, "Pole sana, mama. Basi tutajie bei tuinunue, tumalizane."

"Hainunuliwi. Inakatwa. Kaa hapa ukate."

Alicheka kwa adabu. "Mama, mimi tena nishike wembe. Nitamwambia mtu wa ofisini akutumie kesho. Hiyo ndogo tu."

Ndogo tu. Nilitazama mdomo ule ukiyasema maneno ya baba yake, kwa ulaini ule ule. Nilirudisha kitambaa cha yule mama, nikaenda kwa miguu hadi nyuma ya soko. Karakana sasa ni duka la vifaa vya simu. Ukuta umepakwa rangi ya waridi, misumari imepakwa pamoja nao, na wametundika juu yake makava ya simu yanayong'aa. Wa mwisho, karibu na mlango, haujatundikwa kitu. Labda uko chini mno. Niliugusa.

"Karibu mama," binti wa dukani alisema. "Unatafuta nini."

Nilimwambia nimeshakipata. Kitabu hiki nimekipanga kwa Anakleti, na mhariri wangu amenisihi tuazime alama moja kutoka fonti nyingine, maana wasomaji watadhani tumekosea. Nimekataa. Katika sura hii yote watu wameuliza, na kila mmoja nimempa nukta. Mzee wangu pia aliuliza, moto ukiwaka miguuni pake, na swali lake litabaki hivyo hivyo kwenye karatasi, bila alama, mpaka wenye msumari waje kukaa chini na wembe.